Mchumba wa Ng'ambo

Lifti ilikwama kati ya orofa ya tatu na ya nne, asubuhi ambayo jengo zima lilikuwa limefurika watu wanaofuatilia vyeti, vibali na mihuri. Fundi alipofika akihema, mkoba wa vifaa begani, alikuta umati umejazana mbele ya mlango wa chuma na kila mtu amegeuka mtaalamu.

"Vunjeni mlango!"

"Msivunje, kamba itakatika!"

"Zimeni umeme wa jengo zima!"

Mlinzi alikuwa akiwanyamazisha kwa kelele zilizozidi zao. Fundi hakumjibu yeyote. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wa maneno machache, na ovaroli yake ya kijivu aliipiga pasi kama suti. Akapenya katikati ya watu, akagonga mlango kwa mpini wa bisibisi.

"Mliomo humo, mnanisikia? Mimi ni fundi. Msiguse kitu."

Alitarajia vilio. Badala yake ikaja sauti ya mwanamke, imetulia kabisa. "Tunakusikia, Fundi. Fanya kazi yako bila haraka. Sisi tuna shughuli." Kisha sauti hiyohiyo ikaendelea, si kwake tena: "Basi, mpishi wetu kafukuzwa kazi asubuhi, na jioni ya leo mama yake anakuja hotelini kuonja mapishi ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Hajamwambia. Afanye nini?"

"Aseme ukweli!" mtu akajibu mle ndani.

"Aingie kwa mlango wa nyuma," akasema mwingine.

"Akaingia kwa mlango wa nyuma," ile sauti ikakubali.

Fundi akamtuma mlinzi akazime swichi kuu, akaanza kufungua mlango. Lakini sikio moja lilikuwa limeshahamia jikoni kwa mpishi. Skrubu ambayo siku nyingine angeing'oa kufumba na kufumbua ilimchelewesha, maana mama mtu alikuwa ameshaketi mezani na mwanawe amejificha nyuma ya magunia ya viazi. Mlango ulipofunguka hatimaye, sakafu ya lifti ikiwa usawa wa kifua chake, Fundi akanyoosha mikono awapokee watu. Hakuna aliyetoka.

"Subiri kwanza, baba," alisema mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano. "Amalizie."

"Jamani, shukeni," yule msimulizi akacheka. "Mimi mwenyewe nina wanafunzi wananingoja."

Akashuka wa mwisho. Alivaa gauni la bluu iliyopauka, viatu vya chini vyenye vumbi la chaki, na kalamu nyekundu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele kama pambo. Fundi alimshika mkono amshushe, akasahau kuuachia.

"Mama yake alimkuta?" aliuliza.

"Mama wa nani?"

"Wa mpishi."

Mwanamke akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sijui. Umefungua mlango kabla sijabuni."

"Kubuni? Kwa hiyo huyo mpishi hayupo?"

"Hajawahi kuwepo."

"Na mimi nilishaanza kumwonea huruma!"

"Basi kazi yangu nimeifanya. Nafundisha watoto kuandika hadithi, darasa la saba. Naweza kupata mkono wangu?"

Fundi akaachia kana kwamba ameshika waya wa umeme. Umati ukacheka. Kwa kuwa aibu ilikuwa imeshampata, akaona bora imalizie kazi. "Chukua namba yangu ya simu. Ukishajua mwisho wake, uniambie."

"Na nikikosa mwisho?"

"Unipigie uniambie umekosa."

Mwanamke alipiga jioni ileile. Mama alimkuta mpishi, alisema, akala chakula chote, akamwambia kimeungua kidogo. Fundi alicheka mpaka dada yake akatoka chumbani kuangalia kuna nini, maana kicheko cha mdogo wake kilikuwa kitu adimu pale nyumbani.

Fundi aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji wa nguo aliyefiwa na mume, pamoja na binti wa dada huyo, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Binti huyo nyumba nzima ilimwita Kasuku, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ilipojulikana kwamba Mwalimu wa simu za jioni ndiye Mwalimu wa Kasuku, mtoto alirukaruka.

"Mwalimu wetu? Mjomba, umempata wapi?"

"Kwenye lifti."

"Tunapanda lifti kila siku, mbona sisi hatupati mtu?" Dada akaguna, pini zikiwa mdomoni.

Simu zikawa mazoea. "Fundi wangu wa kupanda na kushuka," Mwalimu angeanza, "leo umewaokoa wangapi?" Naye angejibu, "Wote wameokoka, laazizi, aliyekwama ni mimi." Maneno kama hayo hakujua alikuwa nayo. Yalikuwa yakimtoka yenyewe, kisha anabaki akiitazama simu kwa mshangao.

Siku moja Mwalimu akamwomba aje darasani. "Wanangu kila hadithi wanaandika mfalme," alilalamika. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mfalme. Nataka wamwone mtu na kazi yake, wamuulize, halafu ndipo wabuni."

Fundi akaenda, ovaroli imenyooka, akasimama mbele ya watoto arobaini kama mshtakiwa. Ubaoni Mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili makubwa: ANATAKA NINI? Chini yake: KINAMZUIA NINI?

"Hayo ndiyo maswali ya kila mhusika," aliwaambia watoto. "Asiyetaka kitu hana hadithi. Anayekipata bila kuzuiwa, hadithi yake imeisha kabla ya kuanza. Haya, muulizeni mgeni."

Mikono ikapaa. Shimo la lifti linanuka nini? Grisi, alisema, na vumbi, na manukato ya kila aliyepita. Aliwahi kulia kazini? Fundi akafikiri. Ndiyo, siku lifti ya hospitali ilipokufa akambeba bibi kizee mgongoni kupanda ngazi, na bibi akamwombea dua njia nzima, kila ngazi na dua yake. Baadhi ya watoto wakaanza kuandika bila kuambiwa.

Kisha Kasuku akasimama, macho yakimcheka. "Mjomba, samahani, Fundi. Wewe unataka nini? Na kinakuzuia nini?"

Fundi alimtazama Mwalimu. Alisimama kando ya dirisha, chaki mkononi, mikono ya blauzi imekunjwa.

"Ninachotaka nakijua," alisema taratibu. "Kinachonizuia ni kwamba mko arobaini humu ndani."

Chaki ikamponyoka Mwalimu. Darasa likalipuka, madawati yakapigwa ngoma, na mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna moto.

Jumamosi yake walikutana kwenye bustani ya katikati ya mji, penye mabenchi ya mbao na chemchemi isiyotoa maji. Mwalimu alivaa gauni la zambarau lililomkaa kama limezaliwa naye. Fundi alivaa shati lenye kola ngumu alilochaguliwa na dada yake, akawa anageuka mwili mzima kila alipotaka kuangalia kando.

"Kola inakunyonga au unaniogopa?"

"Vyote."

Akamfungulia kifungo cha juu kwa vidole viwili. "Haya, pumua, mpenzi."

Fundi akapumua. Kisha akapiga moyo konde. "Kuna mtu mwingine katika maisha yako?"

Mwalimu akaitazama chemchemi kavu. "Kulikuwa na mtu. Alisafiri."

Angeuliza zaidi, lakini mvua ikaangusha matone manene, wakakimbilia chini ya paa la kibanda cha magazeti pamoja na watu wengine kumi, wakacheka, wakalowana, na swali likabaki lilipokuwa.

Ndipo jioni moja mezani, Kasuku akaweka kijiko chini akiwa na uso wa msiba. "Mjomba, ulijua Mwalimu ana mchumba?"

Dada akampiga teke chini ya meza. Mtoto akaendelea. Ukimpiga teke Kasuku ni kama umemwongezea sauti.

"Nani kakwambia?" Fundi aliuliza.

"Mwenyewe, leo darasani. Alikaa juu ya meza akasema, 'Mimi nina mchumba ng'ambo. Kila jioni nafungua dirisha nikidhani nimesikia hatua zake.' Mwisho wa mwaka anarudi wafunge ndoa. Tulilia, mjomba. Hata yule msumbufu wa nyuma alijifuta macho kwa kola."

"Pengine umesikia vibaya," Dada akasema.

"Mama, nimesikia na masikio yote mawili. Na Mwalimu mwenyewe sauti ilitetemeka."

Kulikuwa na mtu. Alisafiri. Fundi alikunywa maji. Alinyanyuka, akaosha sahani yake ambayo ilikuwa bado ina chakula, akaingia chumbani.

Mwanamume mwingine angepiga simu papo hapo na kupiga kelele. Fundi hakuwa na kelele. Alijiambia kwamba mwanamke amemwambia ukweli kwa namna yake, na kwamba yeye ndiye aliyesikia nusu. Akaacha kupiga. Alipopigiwa, alikuwa kazini. Alipoandikiwa, alijibu neno moja. Dada, akiona mdogo wake anayeyuka, akamwekea Kasuku marufuku: jina la Mwalimu lisitajwe tena nyumba ile, hata kwa bahati mbaya.

Siku ya nne Mwalimu akampata kwenye simu.

"Mpenzi, umepotea."

"Kazi nyingi."

"Nyingi hata huwezi kuniamkia?"

"Mwalimu, nadhani tuishie hapa. Usiharibu ulichonacho."

"Nilichonacho? Nina nini mimi?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Niambie, nitakuelewa."

Fundi alikuwa amesimama kwenye korido ya jengo geni, watu wanampita huku na huku. Alitaka kutamka neno "mchumba". Aliogopa akilitamka, atasikia "ndiyo".

Upande wa pili sauti ikabadilika. "Basi. Siwezi kumlazimisha mtu mzima aseme. Kwaheri, Fundi."

Wiki zikapita, kavu kama mkate wa juzi. Fundi aliomba zamu za ziada ili asikae mezani na watu. Alikonda. Wateja walimsifu kwa bidii, na hakuna aliyejua ni ya nini. Shuleni, ingawa yeye hakuambiwa, Mwalimu alisahihisha madaftari kwa mkono mzito mpaka kalamu nyekundu ikatoboa karatasi.

Kilichowafungua ni kazi ya nyumbani. Jioni moja Fundi alirudi mapema akiwa na mafua, akaketi mezani akinywa supu, na Kasuku akaomba amsomee mama yake hadithi aliyoandika kwa ajili ya siku ya wazazi. Akasimama, akakohoa kama mbunge.

"'Mimi ni mjane mwenye watoto sita,'" alisoma, "'na mume wangu wa pili ni mlevi.'"

"Wee!" Dada aliacha mkasi ukaanguka. "Mlevi gani? Watoto sita wa nani? Unataka wazazi wenzangu waniangalie kwa jicho gani?"

"Mama, hiyo siyo wewe! Wala siyo mimi. Ni hadithi. Mwalimu katufundisha, huyo 'mimi' wa kwenye hadithi unamvaa tu, kama nguo. Si lazima awe mwandishi."

Fundi akaweka kijiko chini. "Kawafundishaje?"

Kasuku akamtazama mama yake, kuomba ruhusa ya kuvunja marufuku. Dada akaitikia kwa kichwa haraka: sema, sema.

"Kwa ile hadithi ya mchumba wa ng'ambo. Siku ya kwanza alitusimulia tukaamini wote. Siku ya pili akatuuliza, mnadhani ni mimi? Tukasema ndiyo. Akacheka. Akasema huyo mchumba kamtengeneza asubuhi ile akipiga mswaki."

"Siku ya pili?" Fundi alisimama, mafua yote yakamtoka. "Na hukuniambia?"

"Ulikuwa huji kula! Na mama alisema nikimtaja Mwalimu atanishona mdomo kwa cherehani."

Dada akajishika kichwa. "Nilisema hivyo, kweli."

"Kasuku," Fundi alisema, "hiyo siku ya wazazi ni lini?"

"Kesho kutwa. Na mjomba, usivae ile kola."

Ukumbi wa shule ulijaa viti vya plastiki na wazazi waliovaa vizuri. Watoto walipanda jukwaani mmoja mmoja. Hakukuwa na mfalme hata mmoja. Kulikuwa na dereva wa gari la taka aliyetaka kucheza dansi, na bibi kizee aliyebebwa ngazi zote na kijana asiyemfahamu. Mjane wa watoto sita alipofika, ukumbi ulivunjika mbavu, na Dada akapiga makofi kuliko wote ili ijulikane kwamba yeye ndiye mama mzazi na kwamba mume wa pili hayupo.

Mwalimu alisimama pembeni ya jukwaa, gauni la kijani lenye mikono mipana, shanga nyeupe shingoni. Alimwona Fundi mlangoni. Akageuza uso, akamwita mtoto anayefuata.

Wazazi walipotawanyika, Fundi alimkuta akipanga viti, kimoja juu ya kingine, kwa kishindo. Akachukua kiti naye, akapanga.

"Nimekosa," alisema.

"Kasuku kanieleza asubuhi," alijibu bila kumwangalia. "Yaani kanieleza, kanieleza tena, na kanichorea. Umenihukumu kwa somo la Jumanne, Fundi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu kasema neno, wewe ukaniona mwongo."

"Sikukuona mwongo. Nilikuona una mtu, na kwamba mimi ni wa kupitishia muda."

"Ni heri ungeniona mwongo." Kiti kikashuka kwa nguvu. "Nililia, unajua? Nikatafuta kosa langu kila siku. Nilifikiri labda ni kule kukucheka na kola."

"Niliogopa kuuliza."

"Lakini kwenye lifti uliniuliza habari za mpishi asiyekuwepo, mbele ya watu!"

"Mpishi hakuwa na uwezo wa kuniumiza."

Mwalimu akasimama, kiti mkononi. Hasira haikuwa imeisha, ila ilikosa pa kushika. Fundi akakichukua kile kiti taratibu, akakiweka chini, akamkalisha. Akajiketisha mbele yake.

"Nakuuliza sasa. Yule aliyesafiri ni nani?"

"Ona ilivyo rahisi," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamweleza. Alikuwepo mtu kweli. Simu zilikuja kila siku, baadaye kila mwezi, baadaye akaona picha za harusi yake kwenye simu ya rafiki. Alilia, akamaliza, akatupa zawadi zake. "Watoto wananusa kitu kisichokuwa na uchungu ndani, kwa hiyo niliazima uchungu wangu wa zamani nikawapa. Lakini huyo anayerudi simjui. Siku ya pili nilitaka tubadili mwisho, yule mwanamke afunge dirisha. Wakakataa. Nikawapigisha kura, darasa zima likanyoosha mikono arudi."

"Na wewe?"

"Mkono wangu ulikuwa chini." Akamwangalia usoni. "Mimi jioni zangu zilikuwa tayari na mtu wa kuzungumza naye."

Fundi akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa na chaki. Safari hii aliposahau kuiachia, hakuna aliyeidai.

"Nataka nikuoe," alisema.

"Leo?"

"Hata sasa hivi."

"Leo bado nina hasira, mpenzi wangu. Nikikubali leo, nitakuwa nimekubali nusu." Akasimama, akajifuta macho kwa mkono mpana wa gauni. "Niulize Jumatatu. Ukinyamaza mpaka Jumanne, umenikosa."

Jumatatu, saa ya mapumziko, simu ikalia katika chumba cha walimu.

"Mwalimu, leo Jumatatu."

"Siku za wiki nazijua, nafundisha shule. Uko wapi? Mbona upepo?"

"Juu ya paa la jengo la posta. Nimempa mwenzangu kazi zote. Nimekuja kuuliza."

"Uliza vizuri, basi. Nina walimu watano hapa wanajifanya wanasahihisha."

Akauliza. Aliuliza kwa maneno ya kawaida kabisa, na kwa sauti ambayo mwenzake, upande wa pili wa paa, aliacha kufunga nati akageuka. Katika simu Fundi alisikia watoto wakipiga kelele uwanjani, mlango ukifungwa, kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ndiyo, laazizi wangu. Yote, hakuna nusu iliyobaki. Sasa niache, kengele imelia, na uso huu sijui nitauficha wapi mbele ya watoto."

Fundi akaketi juu ya mkoba wa vifaa. Halafu akampigia dada yake. Dada alisikiliza, akakata simu. Fundi alikuwa bado anashangaa simu ilipolia tena, ni yeye.

"Nimeshazima cherehani," Dada alisema, sauti imelowa machozi. "Sema tena. Mwanzo sikusikia vizuri kwa furaha."